Kufungulia skripti methodi za Java kwa anotesheni: mahali panapokwama

Programu ya Java ikishakua, watumiaji hawakawii kutaka kuiongoza wenyewe: kanuni ya punguzo ibadilike bila kungoja toleo jipya, ripoti ipangwe wanavyotaka wao, hisa ikipungua ujumbe utumwe. Hapo ndipo injini ya skripti inapopachikwa ndani ya programu, iwe ya JavaScript, ya Lua, au ya lugha ndogo mliyoitunga wenyewe. Kuipachika ni mistari michache. Kinachokula wiki nzima, na kurudi kukusumbua miezi baadaye, ni kuamua skripti iruhusiwe kuita methodi zipi za Java, na kuhakikisha kila mwito unaovuka mpaka huo unafika salama na jibu lake linarudi salama.

Wazo la kwanza huwa ni kuikabidhi skripti objekti nzima: `engine.put("ghala", ghala)`, basi. Inafanya kazi papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hakuna kinachokulazimisha kufikiri zaidi. Kila objekti ya Java imerithi `getClass()`. Skripti ikishaishika `Class`, inaweza kukifikia kipakiaji cha klasi, na kutoka hapo ikafika `java.lang.Runtime`, ambayo huendesha amri yoyote ya mfumo. Wengi hukimbilia kuziba kwa orodha ya vilivyokatazwa. Orodha hiyo haimaliziki: kila maktaba mpya unayoiongeza inaleta klasi ambazo hukuzijua ulipoiandika. Waliokuwa wakiegemea `SecurityManager`, mlinzi wa ndani wa Java aliyezuia msimbo kufanya mambo ya hatari, nao wamebaki bila nguzo, maana ilitangazwa kuwa njiani kuondolewa katika JDK 17 na ikazimwa kabisa katika JDK 24.

Kinachobaki ni kinyume chake: kila kitu kimefungwa hadi mtu akifungue kwa mkono, methodi moja moja. Anotesheni ni alama ya ruhusa hiyo, na uzuri wake ni kwamba inakaa juu ya methodi yenyewe, mbele ya macho ya kila anayeibadilisha.

Kabla ya kuandika yako, angalia kama injini unayoitumia inayo tayari. Rhino ina `@JSFunction`, `@JSGetter` na wenzake, na pembeni ina `ClassShutter` ya kuzuia klasi zisionekane. GraalVM ina `@HostAccess.Export`, inayofanya kazi pamoja na sera ya `HostAccess.EXPLICIT`. Starlark ya Bazel ina `@StarlarkMethod`, na JRuby ina `@JRubyMethod`. Ukitumia ya GraalVM, jiandae kwa hili: chini ya `EXPLICIT`, methodi yako ikirudisha `List` au safu, skripti itaipokea lakini haitaweza kusoma kipengele hata kimoja. Si hitilafu, ndivyo sera ilivyo. Jenga sera yako juu ya ile ile kwa `HostAccess.newBuilder(HostAccess.EXPLICIT)`, kisha ongeza `allowListAccess(true)` na `allowArrayAccess(true)`, au rudisha `ProxyArray.fromList(...)`. Watu hupoteza mchana mzima wakiichunguza methodi isiyo na kosa lolote.

Ikiwa injini haina, au lugha ni yenu, anotesheni yenyewe ni fupi:

```java
@Retention(RetentionPolicy.RUNTIME)
@Target(ElementType.METHOD)
public @interface KwaSkripti {
    String jina();
    String maelezo();
    boolean uziMkuu() default false;
    String[] majinaYaZamani() default {};
}
```

Mstari wa kwanza ndio unaosahaulika. Usipoutaja, Java huchukua `RetentionPolicy.CLASS`: anotesheni inaandikwa kwenye faili la klasi lakini rifleksheni, yaani uwezo wa Java kuzichunguza klasi zake yenyewe, haiioni programu inapokimbia. Hakuna onyo wala hitilafu. Methodi zilizopatikana ni sifuri, na skripti inalalamika kwamba `ghala.punguza` haipo wakati wewe unaitazama ipo. Ndiyo maana kisajili chako, yaani msimbo unaozisajili klasi za kufunguliwa skripti, kikipewa klasi ambayo haina hata methodi moja yenye anotesheni, kikatae hapo hapo, kisinyamaze.

`jina` na `maelezo` sikuzipa thamani ya awali, na ni kwa makusudi. Jina likichukuliwa kutoka kwa methodi ya Java, siku mtu atakapoibadilisha kwa amri moja ya kihariri chake, skripti za watu wengine zitavunjika, na hizo hazipitii kompaila yako. Vifaa vya kupunguza ukubwa wa programu kama ProGuard na R8 navyo hubadilisha majina ya methodi. Hapo tena jina lililoandikwa ndani ya anotesheni linakuokoa, mradi umeviambia vibakishe anotesheni na methodi zenyewe. Na `maelezo` yakiwa ya lazima, kompaila inagoma hadi mwandishi aseme methodi hiyo inafanya nini.

Baada ya hapo unazitafuta methodi. Sishauri kupekua njia nzima ya klasi (classpath, mahali pote Java inapotafuta klasi) programu inapowaka. Kunachelewesha, na kunafungua mlango kwa klasi usiyoijua. Sajili klasi kwa majina, au tumia `ServiceLoader`. Kwa kila klasi iliyosajiliwa, pitia `getMethods()`, na hapa kuna mambo matatu ambayo hayaonekani hadi yakukute.

La kwanza, `@Inherited` haina athari yoyote juu ya methodi. Kazi yake ni kwa klasi tu. Klasi ndogo ikiiandika upya methodi ya mzazi bila kurudia anotesheni, ruhusa imepotea. Unaweza kupanda juu ya ukoo kuitafuta, lakini naona ni salama zaidi kuiacha ipotee na kumlazimisha mwandishi airudie, kwa sababu methodi iliyoandikwa upya inaweza kufanya kitu ambacho yule wa kwanza hakukipitisha.

La pili ni methodi za daraja, zile ambazo kompaila huziongeza yenyewe kwa ajili ya jeneriki au aina ya jibu iliyobanwa zaidi. Tangu Java 8, `javac` hunakili anotesheni kwenye methodi hizo pia, kwa hiyo methodi moja itakutokea mara mbili na kisajili kitadai jina limegongana. Dawa ya haraka ni kuruka kila `m.isBridge()`. Ina tundu moja: klasi ya umma ikirithi methodi ya umma kutoka kwa mzazi asiye wa umma, kompaila huiundia daraja, na daraja hilo ndilo pekee utakaloliona. Ruka daraja pale tu ambapo kuna methodi halisi yenye jina hilo hilo ndani ya klasi hiyo hiyo.

La tatu, mpangilio wa `getMethods()` hauna uhakika. Chochote unachokijenga juu yake, kipange kwanza kwa jina.

Methodi mbili za Java zikidai jina moja la skripti kwa parameta tofauti, zikatae. Kuchagua kati ya `tafuta(int)` na `tafuta(String)` kwa kuangalia thamani iliyokuja kunaonekana kwema hadi mtumiaji alete "12" iliyosomwa kutoka kwenye faili, na jibu libadilike bila yeye kujua sababu. Ziite `tafutaKwaNamba` na `tafutaKwaJina`.

Kwa kuita, `Method.invoke` inatosha mwanzoni. `MethodHandle` inakupa uhakika zaidi kwa sababu ukaguzi wa ruhusa hufanyika mara moja, unapoipata:

```java
MethodHandle h = MethodHandles.publicLookup()
        .unreflect(m)
        .asFixedArity();
h = h.asType(h.type().generic())
     .asSpreader(Object[].class, h.type().parameterCount());
```

Mfano huu ni wa methodi ya objekti, na kipengele cha kwanza cha safu ni objekti yenyewe. `asFixedArity()` iko pale kwa ajili ya methodi za parameta zisizo na idadi maalumu. Bila hiyo safu yako hukusanywa upya usivyotarajia. Ukipata `IllegalAccessException` kwenye `unreflect`, karibu kila mara ni methodi ya umma iliyo ndani ya klasi isiyo ya umma, au pakiti ambayo moduli yake haijaitaja kwenye `exports`. Ni heri ipatikane hapa, programu inapowaka, kuliko usiku wakati skripti ya mtu inakimbia.

Na katika hatua hiyo ya `asType` usishawishike kutumia `explicitCastArguments` eti kwa sababu hailalamiki sana. Kutolalamika kwake ni hasara: `null` ikielekezwa kwenye parameta ya `int`, `asType` hutupa `NullPointerException`, lakini `explicitCastArguments` huigeuza sifuri na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo tunafika kwenye namba, na ndizo zinazoumiza kuliko vyote.

Namba ya kawaida ya JavaScript ni desimali ya biti 64, yaani `double`. Lua ilikuwa hivyo hivyo hadi toleo la 5.3, lililoongeza namba kamili. Upande wa pili methodi yako inataka `int`. Ukimpa `Method.invoke` objekti ya `Double` pale palipoandikwa `int`, itakataa kwa ujumbe "argument type mismatch", bila kusema ni parameta gani wala methodi gani. Mtu aliyechoka atafanya jambo la karibu, `(int) d`, na tatizo litaonekana limekwisha. Limehamia tu mahali pabaya zaidi. Java haigomi kamwe katika ugeuzaji huo: 3.7 inakuwa 3, bilioni kumi inakuwa 2147483647, na `NaN`, alama ya jibu lisilo namba, inakuwa 0.

Angalia mstari huu wa skripti:

```js
ghala.punguza("SK-14", jumla / agizo.masanduku);
```

Agizo likiwa halina `masanduku`, mgawanyo unatoa `NaN`. Kwa `(int) d`, methodi inapokea 0, hisa haipungui, hakuna hitilafu, kumbukumbu zinasema mwito umefanikiwa. Mzigo umetoka, kitabu kinasema bado upo. Itagundulika siku ya kuhesabu hisa, na wakati huo hakuna atakayeikumbuka skripti.

Ugeuzaji ulio salama ni mfupi:

```java
static int kuwaInt(double d, String mahali) {
    int n = (int) d;
    if (n != d) {
        throw new HitilafuYaSkripti(mahali
            + ": inatakiwa namba kamili, imekuja " + d);
    }
    return n;
}
```

Ulinganisho huo mmoja unakamata yote: sehemu ya desimali, namba iliyozidi, isiyo na mwisho, na `NaN`, ambayo hailingani na chochote, hata yenyewe. Usiunakili tu kwa `long` ukidhani mambo ni yale yale. Kwa `long`, Java huigeuza `n` kuwa `double` kabla ya kulinganisha, na 2 kwa kipeo cha 63 itapita ukaguzi ilhali imeshapunguzwa kwa moja. Isitoshe, juu ya 9007199254740991 `double` haiwezi tena kutofautisha kila namba kamili: 9007199254740993 ikiandikwa kwenye JavaScript husomeka 9007199254740992. Weka mpaka wako kwenye 9007199254740991 na kataa zaidi ya hapo.

Kwa vitambulisho vya rekodi ningeenda mbali zaidi: visivuke kama namba kabisa. Vivuke kama `String`. Hakuna anayejumlisha vitambulisho, na kimoja kilichokosea kwa tarakimu moja kinagusa rekodi ya mtu mwingine. Fedha zilizo kwenye `BigDecimal` nazo zivuke hivyo hivyo.

Hiyo `mahali` kwenye msimbo hapo juu si pambo. Ijaze "ghala.punguza, parameta ya 2 (idadi)". Jina la parameta, kama hukuliandika kwenye anotesheni, utalipata kwa rifleksheni ikiwa tu umekompaili kwa bendera ya `-parameters`, iliyokuja na Java 8; bila hiyo utaambulia `arg0` na `arg1`. Anayeandika skripti hauoni msimbo wako wa Java. Ujumbe wa hitilafu ndio mwongozo pekee alio nao wakati huo, na ukisema `arg1` umemwacha gizani.

Majibu yanataka ukali ule ule. Methodi iliyoruhusiwa ikirudisha objekti isiyochunguzwa, umefungua kwa nyuma ulichokifunga mbele. Kwenye kusajili, kagua aina ya jibu: `void`, `boolean`, `int`, `double`, `String`, orodha na ramani za hivyo, au klasi ambayo nayo imesajiliwa. Vinginevyo kataa. Ramani na orodha za ndani rudisha nakala, `List.copyOf` kwa mfano, ukikumbuka kwamba haikubali `null` ndani yake. Skripti ikipewa orodha yenyewe, kuna siku itaifuta.

Eksepsheni zinazotoka ndani ya methodi, ukitumia `Method.invoke`, huja zimefungwa ndani ya `InvocationTargetException`. Zifungue kwa `getCause()`, la sivyo kila hitilafu itakuwa na sura moja. Zile za aina ya `Exception` zigeuze kuwa hitilafu ya skripti yenye ujumbe unaoeleweka, na mlolongo kamili uubakishe kwenye kumbukumbu za seva, maana njia za mafaili na majina ya meza za hifadhidata hayamhusu mwandishi wa skripti. Zile za aina ya `Error` ziache zipite. Kuna moja zaidi: kama unaisimamisha skripti iliyokaidi kwa kutupa eksepsheni, hakikisha `try` na `catch` za lugha ya skripti haziwezi kuikamata. Kitanzi kisicho na mwisho chenye `catch` ndani yake kitaimeza ishara yako na kuendelea.

Kikomo cha muda nacho kina upofu wake. GraalVM inaweza kuhesabu kauli za skripti kwa `ResourceLimits`, na Rhino inaweza kuhesabu maagizo, lakini hakuna kati yao inayohesabu muda uliotumika ndani ya methodi yako ya Java. Methodi inayongoja mtandao bila kikomo itangoja. Kikomo hicho ni jukumu la Java.

Nyuzi (threads), yaani njia za kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja, ni sehemu inayodai uamuzi mapema. Skripti karibu kila mara hukimbia kwenye uzi wake, ilhali objekti nyingi za programu, hasa za skrini, zinataka kuguswa na uzi mmoja tu. `uziMkuu = true` kwenye anotesheni inamwambia mfungaji, yaani msimbo wako unaounganisha skripti na Java, apeleke mwito kwenye foleni ya uzi huo na angoje jibu. Kabla ya kuupeleka, aulize kwanza kama tayari yuko kwenye uzi huo. Akisahau, na skripti ikaitwa kutoka uzi mkuu wenyewe, uzi utaingoja kazi ambayo ni yeye mwenyewe angeifanya, na programu yote itaganda. Na JavaScript ya GraalVM hairuhusu nyuzi mbili kuitumia `Context` moja (mazingira ambamo skripti hukimbia) kwa wakati mmoja; utapata `IllegalStateException`. Ukiihifadhi funksheni ya skripti ili uiite baadaye tukio likitokea, lazima irudi kwa zamu yake, ndani ya `Context` iliyo hai.

Ukaguzi wote huu unaweza kusogezwa mbele zaidi, hadi kwenye kukompaili, kwa kuandika prosesa ya anotesheni, yaani msimbo unaoendeshwa na kompaila yenyewe kukagua anotesheni, inayorithi `AbstractProcessor`. Methodi isiyo ya umma, jina lililorudiwa, parameta ya `long`, jibu lisiloruhusiwa: kila moja inatolewa kwa `Messager` kama `Diagnostic.Kind.ERROR` pamoja na kipengele husika, na kihariri kinapiga mstari mwekundu pale pale. Starlark hufanya hivyo kwa `@StarlarkMethod`, na inalipa. Gharama yake ni moduli ya ziada ya kujenga na msimbo ambao watu wachache kwenye timu watauelewa. Kwa methodi ishirini haina haja, ukaguzi wa kuwaka unatosha. Ila angalia toleo la JDK: tangu JDK 23, `javac` haiendeshi prosesa iliyokutwa tu kwenye njia ya klasi. Itaje kwa `-processor` au `--processor-path`, au weka `-proc:full`. Timu iliyopanda toleo bila kulijua hili inabaki na ukaguzi usiokaguliwa, na ujenzi unapita kijani. Kwa hiyo usiufute ule wa kuwaka hata prosesa ikiwepo.

Kitu cha mwisho cha kujenga ni jaribio la orodha. Liandike litoe kila jina lililofunguliwa, aina za parameta na aina ya jibu, zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, kisha lilinganishe na faili lililohifadhiwa pamoja na msimbo. Mtu akiongeza `@KwaSkripti`, jaribio linaanguka hadi alisasishe faili, na anayepitia mabadiliko anaona mstari mmoja mpya anaoweza kuuliza: skripti inaihitaji hii kweli? Mstari ukitoweka, ni skripti za watu zinakwenda kuvunjika, na jina hilo linapaswa kuhamia kwenye `majinaYaZamani`. Jina la zamani likiitwa, liendelee kufanya kazi na liandike onyo kwenye kumbukumbu mara moja kwa kila skripti inayopakiwa, lisirudie kwa kila mwito, kwa sababu skripti ya kitanzi itajaza diski kabla mtu hajalisoma onyo hilo.